Niligongwa nikiwa sijafunga mkanda: sheria mpya ya Georgia inasemaje?

Swali: Shikamoo wakili. Naishi Marietta, jimbo la Georgia, Marekani, kazi yangu ni kulea wazee. Septemba 2025 nilikuwa nimekaa kiti cha nyuma kwenye gari la rafiki yangu, tukagongwa ubavuni na mtu aliyepita taa nyekundu. Sikuwa nimefunga mkanda. Niliumia bega na shingo. Wakili niliyempata kwenye bango la barabarani alinipeleka kwa kiropraktika, mtabibu wa mgongo na viungo, anayetibu kwa mkopo mpaka kesi iishe, ingawa nina bima ya afya ya kazini. Sasa ananiambia gavana alisaini sheria iliyoua kesi za watu kama mimi, kwa hiyo tupokee hicho kidogo tulichopewa. Shemeji yangu naye alipigwa risasi Novemba 2024 kwenye maegesho ya nyumba za kupanga anakoishi, Clarkston, na kesi yake ilifunguliwa Oktoba 2025. Ndugu yetu wa Jacksonville, Florida, anasema tuna miaka minne ya kufungua kesi, tusikimbizane. Na kuna kampuni inataka kunipa fedha sasa hivi, nitawalipa kesi ikiisha. Nimsikilize nani?

Jibu: Marahaba mdogo wangu, na poleni sana, wewe na shemeji. Nitakujibu kwa urefu, maana maswali yako ni manne ndani ya moja, na kila moja lina tarehe yake. Nielewe tu kwamba hapa naeleza sheria. Sijaona faili lako, na ushauri wa kesi yako utatoka kwa mtu aliyeliona.

Sheria anayoisema wakili wako ipo. Ni Muswada wa Seneti Namba 68. Ukisikia watu wanataja SB 68 ndio huo. Gavana Brian Kemp aliutangaza mwishoni mwa Januari 2025 kama jambo lake kubwa la mwaka, akasema wazi kwamba wabunge wakiutupa atawaita tena kwenye kikao maalumu. Seneti iliupitisha Februari kwa kura 33 dhidi ya 21. Baraza la Wawakilishi likaufanyia marekebisho na kuupitisha tarehe 20 Machi kwa kura 91 dhidi ya 82. Baraza hilo lina viti 180, na muswada hauwezi kupita bila kura 91, kwa hiyo ulipita bila kura hata moja ya akiba. Seneti ikakubali marekebisho kesho yake, na gavana akatia saini tarehe 21 Aprili 2025. Pamoja nao alisaini mwenzake, Namba 69, unaohusu kampuni zinazokopesha watu wenye kesi. Huo nitaurudia, kwa sababu ya swali lako la mwisho.

Ila kuusema kwamba "umeua kesi" ni kuusingizia. Muswada huu haukuweka kiwango cha juu cha fidia, na kuna sababu. Georgia ilishajaribu: sheria ya mwaka 2005 iliweka ukomo wa dola 350,000 kwa maumivu na mateso katika kesi za uzembe wa madaktari. Mwaka 2010 Mahakama ya Juu ya jimbo iliufuta ukomo huo, kwa hoja kwamba katiba ya Georgia inalinda haki ya mtu kusikilizwa na juri, na bunge haliwezi kuikata fidia ambayo juri imeipima. Sisi tuliokulia Tanzania na Kenya tumezoea kesi ya madai kuamuliwa na jaji au hakimu peke yake. Huku kiasi cha fidia hutajwa na hiyo juri, yaani raia wa kawaida waliookotwa kwenye orodha ya kaunti, na wakati mwingine hutaja fedha za kutisha. Mwaka 2022 juri ya kaunti ya Gwinnett iliitoza Ford dola bilioni 1.7 kwa paa la gari lililobonyea gari lilipopinduka, ingawa Mahakama ya Rufaa iliitengua hukumu hiyo mwaka 2024.

Basi wenye biashara na kampuni za bima, kwa kuwa kuifunga juri mikono hawawezi, walibadilisha kitu kingine: juri inasikia nini, inasikia lini, na kesi inaruhusiwa kutembea kwa mwendo gani kabla ya kuifikia. Ukishaliona hilo, vifungu vyote vilivyobaki vinaeleweka, na kila kimoja utakiuliza swali lile lile: zamani juri ilikuwa haijui nini ambacho sasa itakijua?

Tuanze na mkanda, maana ndio unaokunyima usingizi.

Kabla ya SB 68, mtu aliyeumia bila mkanda Georgia alikuwa amekingwa kabisa. Upande wa pili haukuruhusiwa hata kulitamka jambo hilo mbele ya juri. Sasa unaruhusiwa. Kutofunga mkanda kunaweza kuletwa kama ushahidi wa uzembe wako mwenyewe, au wa kilichosababisha majeraha, na kunaweza kutumika kupunguza fidia. Najua utaniambia kwamba mtu mzima aliyekaa nyuma halazimishwi na sheria za barabarani za Georgia kufunga mkanda. Ni kweli, na hukuvunja sheria yoyote. Lakini kifungu kinataja kiti chochote chenye mkanda, hakijali mbele wala nyuma.

Je, hilo linaiua kesi? Hapana. Georgia inagawa lawama kwa asilimia. Tuseme juri imeyapima madhara yako kuwa dola 100,000, ikasema asilimia 20 ya lawama ni yako kwa sababu ya mkanda: utapata 80,000. Hatari halisi iko kwenye nusu. Ukibebeshwa asilimia 50 au zaidi, huambulii kitu. Binafsi naona vigumu juri yenye akili timamu imbebeshe nusu ya lawama abiria wa nyuma, mbele ya mtu aliyepita taa nyekundu. Isitoshe, wanaodai kwamba mkanda ungekuokoa watatakiwa kuonyesha hivyo kwa jeraha lako, yaani kwamba bega hilo, kwa pigo la ubavuni, lingesalimika. Hapo huitwa mtaalamu wa namna mwili unavyopokea pigo, na mtaalamu wa namna hiyo hulipwa fedha nyingi. Kwa kesi ya kiasi cha kati, upande wa pili wakati mwingine utapiga kelele kuhusu mkanda mezani wakati wa maelewano, halafu usimlete mtaalamu yeyote mahakamani. Jaji naye bado ana mamlaka ya kuukataa ushahidi akiona utaipotosha juri kuliko kuisaidia. Kwa hiyo wakili wako akikutajia mkanda kama sababu ya kupokea kidogo, muulize: wameshamtaja mtaalamu? Amesema nini kuhusu bega?

Kinachonitia wasiwasi zaidi kwenye barua yako ni huyo kiropraktika.

Zamani hesabu za hospitali zilikwenda hivi. Tuseme matibabu yamegharimu dola 48,000 kwa maandishi ya bili, lakini bima ya afya, kwa mkataba wake na hospitali, ililipa 14,000 na deni likafungwa. Juri ya Georgia ilikuwa inaonyeshwa ile 48,000 peke yake. Fedha za bima zilikuwa siri. Wapinzani wakaziita fidia hewa, na hapo, ukiniuliza mimi, walikuwa na hoja. Sheria mpya inasema juri ione vyote viwili, bili iliyoandikwa na kiasi kilichotosha kuifuta, kisha ipime yenyewe thamani halali ya matibabu yaliyohitajika. Na hapa sikiliza vizuri: ukiwa na bima ya afya, wanaweza kuonyesha kiasi ambacho bima ingelipa hata kama hukuitumia.

Wewe una bima ya kazini, hukuitumia, ukatibiwa kwa karatasi uliyosaini kwamba mtabibu atalipwa kutoka kwenye kesi. Karatasi hiyo sasa inaweza kuletwa mbele ya juri. Na jina la aliyekupeleka kwa mtabibu huyo nalo linaweza kutajwa. Juri itakaposikia kwamba ni wakili wako, kila mjumbe atajiuliza kama ulitibiwa bega au ilitibiwa kesi. Hata kama matibabu yalikuwa ya kweli na yamekusaidia, harufu hiyo haitoki upesi.

Bado kuna la kufanya. Nenda kwa daktari wako wa kawaida, tumia bima yako, upigwe picha za bega, na maumivu yaandikwe na mtu ambaye hana anachosubiri kwenye kesi. Usiache matibabu ghafla, maana pengo la miezi kwenye faili la hospitali husomwa kama kupona. Halafu ujue kwamba bima ya afya ikilipa, mara nyingi itataka kurudishiwa fedha yake kesi ikilipwa. Mwambie wakili alihesabu hilo mapema, usije ukashangazwa siku ya hundi. Zamani mawakili wengi wa matangazo walipenda wateja wasitumie bima kwa sababu bili kubwa ilikuza kesi. Tangu Aprili 2025 ujanja huo unaweza kumrudia mwenyewe, na wengine hawajabadilisha mazoea.

Kuna mambo mawili zaidi yanayogusa kesi yako ikifika kusikilizwa. La kwanza ni namna wakili anavyotaja fedha za maumivu, zile ambazo kwetu ziko ndani ya fidia ya jumla, hazina risiti. Ulikuwepo mtindo wa kuanza kutaja kiasi kikubwa mapema, tangu kuchagua juri, ili namba izoeleke masikioni, au kulinganisha shingo ya mteja na mkataba wa mchezaji wa mpira au bei ya mchoro wa mnadani. Sasa namba haitajwi mpaka ushahidi wote ufungwe, na lazima iwe na uhusiano na ushahidi wenyewe. Wakili anayezungumza mara mbili mwishoni haruhusiwi kutaja namba moja mwanzo na nyingine akirudi. Kwa mtu mwenye jeraha la kweli na maelezo mazuri ya maisha yake kabla na baada, sioni kifungu hiki kikimdhuru sana.

La pili ni zito kuliko linavyosikika. Katika kesi za majeraha na vifo, upande wowote sasa unaweza kudai kesi igawanywe vipande. Kwanza juri iamue nani ana makosa na kwa asilimia ngapi, bila kusikia habari ya upasuaji wala kazi uliyopoteza. Ikikukuta na haki, ndipo watu hao hao wasikilize kipande cha fidia. Huyo aliyepita taa nyekundu atapenda sana raia wasikuone ukishindwa kuinua mkono wakati wanapima makosa yake. Jaji anaweza kukataa mgawanyo kama mgogoro ni wa chini ya dola 150,000, au kama mdai ni mtu aliyeumizwa kwa kosa la kingono na kugawa kesi kutamtesa. Kesi yako, kwa ulivyoieleza, huenda ikawa chini ya kiwango hicho. Wakili wako anapaswa kuwa na jibu la hilo kichwani tayari.

Sasa shemeji, na hapa tarehe ndizo zinazobeba kila kitu.

Sehemu kali kuliko zote ndani ya SB 68 inawahusu wenye majengo: wanawajibika lini mhalifu wa nje anapomdhuru mpangaji au mteja. Chanzo chake ni kesi ya duka la dawa la CVS la Atlanta, ambako mtu alipigwa risasi kwenye maegesho mwaka 2012. Juri ilitoa dola milioni 42.75, ikaibebesha CVS asilimia 95 ya lawama, mdai mwenyewe asilimia 5, na mpigaji risasi sifuri. Mwaka 2023 Mahakama ya Juu ya Georgia iliiacha hukumu hiyo isimame, ikasema kwamba swali la kama mwenye eneo angeweza kuona hatari inakuja hujibiwa kwa kutazama mazingira yote kwa ujumla. Ile sifuri ya mpigaji risasi iliwaudhi wenye majengo kuliko hata yale mamilioni, na nadhani hata mtu asiye na jengo anaelewa kwa nini.

Kwa matukio ya baada ya 21 Aprili 2025 mlango umekuwa mwembamba. Mdai lazima aonyeshe kwamba mwenye eneo alionywa mahususi kuhusu hatari iliyokuwa inakaribia, au alijua kulishatokea matukio yanayofanana sana hapo hapo kwenye eneo lake. Akitegemea matukio ya kiwanja jirani au ya ndani ya yadi 500, karibu mita 460, anatakiwa kuwa na ushahidi mzito kuliko ule wa kawaida wa kesi za madai. Na juri lazima impe mhalifu sehemu yake ya lawama. Mgawanyo unaomwekea mwenye jengo lawama kubwa kuliko mhalifu huchukuliwa kuwa si wa haki mpaka ithibitishwe vinginevyo. Naliona pigo hili kubwa kwa watu wetu wanaopanga Clarkston na vitongoji kama hivyo, mahali ambapo geti huvunjika na kukaa mwaka mzima bila fundi, na mpangaji hana namna ya kujua ofisi ya mwenye nyumba iliambiwa nini na polisi.

Lakini shemeji alipigwa risasi Novemba 2024. Wabunge wenyewe waliandika kwamba sehemu ya wenye majengo, pamoja na ile ya bili za hospitali, zinahusu madai yaliyozaliwa siku sheria ilipoanza au baada yake. Kinachotazamwa ni siku ya risasi. Kwamba kesi imefunguliwa Oktoba 2025 hakubadilishi kitu. Kwa hiyo anahukumiwa kwa kipimo cha zamani, kile cha mazingira yote. Mtu yeyote akimtajia yadi 500 kama sababu ya kumaliza kesi kwa bei ya kutupa, amwonyeshe kalenda.

Utaratibu wa mahakamani, hata hivyo, ni ule mpya kwake pia, na una mitego miwili. Wa kwanza ni kile ambacho mawakili wa nyumbani wangekiita pingamizi la awali, yaani mdaiwa kusema hati ya madai haina msingi, itupwe. Zamani alipaswa kujibu madai papo hapo hata kama ameweka pingamizi. Sasa anaweza kuweka pingamizi badala ya majibu, na akishaliweka, kwa kawaida ile hatua ya kudaiana nyaraka na kuhojiana kwa kiapo husimama mpaka jaji aamue. Jaji amepewa siku 90 tangu hoja za pande zote zikamilike. Ukiongeza muda wa kuandika hoja zenyewe, miezi kadhaa inapita huku kamera za maegesho zikijifuta na mlinzi wa zamu akihamia jimbo jingine. Kama wakili wa shemeji hajamwandikia mwenye jengo barua ya kumtaka ahifadhi video, daftari za walinzi, kumbukumbu za matengenezo ya taa na malalamiko ya wapangaji, aiandike wiki hii. Ripoti za polisi za anwani hiyo kwa miaka iliyotangulia zinaweza kuombwa bila kusubiri mahakama.

Wa pili unahusu kuondoa kesi. Mdai wa Georgia alikuwa na raha ambayo mawakili wa majimbo mengine waliionea wivu: angeweza kuiondoa kesi yake kwa hiari wakati wowote kabla shahidi wa kwanza hajaapishwa, akaifungua tena ndani ya miezi sita hata kama muda wa kisheria ulishapita. Shahidi hakutokea asubuhi ya kesi? Jaji amekataa ushahidi muhimu? Ondoa, jipange, rudi. Sasa dirisha hilo ni siku 60 tangu mdaiwa alipoleta majibu yake. Baada ya hapo unahitaji ridhaa ya upande wa pili au amri ya jaji. Kwa maneno mengine, kesi inapaswa kuwa imeiva kabla ya kufunguliwa. Wakili anayefungua kwanza na kutafuta mashahidi baadaye ataumbuka, na mteja ndiye atakayelipia.

Ndugu yenu wa Jacksonville anazungumza kwa nia njema, ila amewapa sheria ya jimbo lake, tena ya zamani. Florida ilikuwa na miaka minne kwa madai ya uzembe mpaka Machi 2023, gavana Ron DeSantis aliposaini muswada wao na muda ukashuka kuwa miwili. Hata yeye akigongwa kesho hana hiyo minne. Georgia ni miaka miwili kwa majeraha ya mwili, na imekuwa hivyo tangu kabla ya SB 68. Wewe mwisho wako ni Septemba 2027. Kuna mambo yanayoweza kusimamisha saa hiyo, mfano tukio likiwa pia kosa la jinai ambalo halijamalizwa kushtakiwa, na hilo linaweza kugusa hata kosa la barabarani. Wakili aliyezoea analijua. Ninavyoona mimi, hiyo ni akiba ya dharura, usiipangie safari. Na kama gari lililowagonga lingekuwa la serikali ya mji, ungetakiwa kutoa notisi ya maandishi ndani ya miezi sita. Kwa kaunti au jimbo, miezi kumi na miwili. Kagua ripoti ya polisi uone mwenye gari ni nani.

Majimbo haya yanafanana kwa sura na kutofautiana kwenye nukta. Mkigawana lawama nusu kwa nusu, Florida utapata nusu yako, kwa sababu wao humnyima aliyezidi asilimia 50; Georgia hupati kitu, kwa sababu kwetu hamsini yenyewe imo ndani ya katazo. Texas, walikojaa ndugu zetu wa Houston na Dallas, muswada wa kubana ushahidi wa bili za matibabu uliletwa mwaka huo huo wa 2025 ukafia bungeni. Kwa hiyo ushauri wa kwenye kundi la WhatsApp uulize kwanza umetoka jimbo gani, halafu mwaka gani.

Watu wengi wananiuliza pia kama bima za magari zitashuka, kwa kuwa hiyo ndiyo ahadi waliyouziwa wananchi. Ndani ya maneno ya sheria hakuna kifungu kinachoilazimisha kampuni yoyote ya bima kushusha bei. Huenda zikashuka, huenda zisishuke.

Wakili wako basi? Sidhani ni tapeli. Wapo mawakili ambao biashara yao ni kesi nyingi zinazomalizwa haraka bila kwenda mahakamani, na kwao sheria mpya ni sababu nzuri ya kumwambia mteja apokee. Mwombe akuandikie, kwa barua, ofa ni kiasi gani. Ataondoa kiasi gani kwa ujira na gharama. Kiropraktika anadai kiasi gani. Wewe utaondoka na ngapi mkononi. Muulize dereva aliyewagonga ana bima ya kiwango gani, kwa sababu Georgia inamruhusu mtu kutembea na bima ya dola 25,000 tu kwa mtu mmoja aliyeumia. Kama ofa ni hizo 25,000 na hakuna bima nyingine, wala rafiki yako na ninyi wenyewe hamkukata bima ya kujazia upungufu wa dereva mwenye makosa, basi anachokuambia kina ukweli na SB 68 haihusiki kabisa. Kama bima ni kubwa na ofa ni ndogo, mna mazungumzo mengine. Una haki ya kumbadilisha wakili, ila soma mkataba wako kwanza: wa zamani anaweza kudai malipo ya kazi aliyokwishafanya, na hayo huwa yanatoka kwenye fungu la ujira wakigawana wenyewe. Hakikisha mpya analithibitisha hilo kwa maandishi.

Na hao wenye fedha za haraka. Muswada Namba 69 ulianza kazi tarehe 1 Januari 2026. Kampuni inayowapa watu fedha kwa matarajio ya kesi Georgia sasa inatakiwa kujisajili kwenye Idara ya Benki na Fedha ya jimbo, na haina ruhusa ya kumwelekeza mteja au wakili namna ya kuendesha kesi wala lini akubali ofa. Kwa hiyo kabla hujasaini chochote, piga simu idarani uulize kama jina lao limo. Wakiwa hawamo, mazungumzo yameisha. Wakiwa wamo, waambie wakuandikie utadaiwa ngapi kesi ikichukua mwaka mmoja, ngapi ikichukua miwili, na itakuwaje ukishindwa. Kisha iweke karatasi hiyo kando ya ile ya kiropraktika na ya ujira wa wakili, uyajumlishe yote matatu uone katika hiyo ofa yako kinabaki nini. Kwa kesi ya bega na shingo yenye bima ndogo, nimeona hesabu hiyo ikitoa jibu la chini ya sifuri. Kama kinachokusukuma ni kodi ya nyumba, jaribu kwanza kukopa kwa watu au kwenye chama chenu cha kuchangiana, maana hao hawatazidisha deni kila mwezi jaji anapoahirisha.